Gavana si mkuu wa mkoa

Ndugu Mhariri,

Naandika kutoka Lansing, makao makuu ya jimbo la Michigan, Marekani. Machi hii theluji imeanza kuyeyuka na mashimo ya barabarani yameanza kufumbua macho. Mimi ni dereva wa basi la shule. Kabla ya kuja huku niliendesha basi la abiria Tanga–Dar kwa miaka tisa, kwa hiyo barabara naijua kwa makalio, mnisamehe lugha. Gazeti lako nalisoma kwenye simu saa nne asubuhi, nikishamaliza mzunguko wa kwanza wa watoto, kikombe cha chai mkononi.

Wiki iliyopita mliandika habari ya uchaguzi wetu wa gavana wa Novemba 3, 2026. Nilifurahi kuliona jina la Michigan, kisha nikakunja uso. Kwanza, mlimwita gavana "mkuu wa mkoa". Pili, mkasema uchaguzi wenyewe ni "mazoezi" ya urais wa 2028. La kwanza nimelisamehe, nadhani mtafsiri alikuwa na haraka. La pili ndilo lililonitoa kwenye chai yangu.

Mkuu wa mkoa tunamjua. Rais anamteua, anaapa, na siku moja anaweza kusikia kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwamba uteuzi wake umetenguliwa, akaanza kufungasha. Gavana wa huku Rais hana pa kumshika. Wananchi wa jimbo ndio waliompa kazi. Anatia saini miswada ya jimbo au anaikataa, na kwenye bajeti anaweza kufuta fungu moja akaacha jingine. Anaweza kumsamehe mfungwa wa jimbo. Askari wa akiba wa jimbo wako chini ya amri yake. Pale Ikulu ya Washington pakiwa na kelele au kimya, yeye anaendelea na kazi yake.

Anayetaka kuujua uzito wa kiti hiki aende Flint, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka hapa. Sheria ya Michigan ilimruhusu gavana kuweka msimamizi wa dharura katika mji ulioelemewa na madeni, na msimamizi huyo akawa na nguvu kuliko meya na madiwani waliopigiwa kura. Aprili 2014, Flint ikiwa mikononi mwa msimamizi wa aina hiyo, iliacha maji ya Ziwa Huron yaliyokuwa yakitoka Detroit ikaanza kutumia ya Mto Flint, ili fedha ziokolewe. Maji yale hayakutiwa dawa ya kulinda mabomba. Madini ya risasi yakabanduka kwenye mabomba ya zamani yakaingia kwenye bilauri za watoto. Walirudishwa kwenye maji ya Detroit Oktoba 2015, mwaka na nusu baadaye. Nina mwenzangu kazini, mzaliwa wa Flint, ambaye mpaka leo hanywi maji ya bomba mahali popote. Anakuja na chupa zake kila siku kama mtu aliye safarini. Mwambie huyo kwamba uchaguzi wa gavana ni mazoezi ya kitu kingine uone atakavyokutazama.

Sasa mbona safari hii kuna msisimko? Kwa sababu kiti ni wazi. Gavana wetu, mama Gretchen Whitmer wa chama cha Democratic, alichaguliwa 2018 akarudishwa 2022, na mwaka 1992 wapigakura wa Michigan waliandika kwenye katiba ya jimbo kwamba gavana ni vipindi viwili vya miaka minne, basi, maisha yake yote. Hakuna kupumzika kidogo halafu kurudi. Kwa hiyo Novemba hakuna mgombea anayetetea kiti, na hakuna atakayesema "niacheni nimalizie nilichoanza".

Mpwa wangu wa Muheza alinipigia simu juzi. "Shikamoo mjomba." Marahaba. "Eti sasa mnampigia Trump au nani?" Nikamwambia mwanangu, Trump hayumo kwenye karatasi. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Sasa mnapigia kura nini?" Sikumlaumu, maana ndivyo mnavyomwandikia. Kwenu Michigan ni "jimbo bembea", yaani linaloyumba kati ya vyama viwili, na jimbo bembea huonekana kwenye magazeti mara moja kila miaka minne.

Nami bembea hiyo nimeipanda. Nilikuja kwa bahati nasibu ya viza mwaka 2010, nikaapa uraia 2016, na kura yangu ya kwanza maishani mwangu huku ilikuwa ya Novemba ile ile. Trump aliichukua Michigan kwa kura 10,704 kati ya karibu milioni 4.8. Ukizigawa kwa vituo vya kupigia kura, ni kama kura mbili tu kila kituo. Nyumbani kwangu tulikuwa wapigakura wawili. Usiku ule nilikaa sebuleni nikamtazama mke wangu, naye akanitazama, tukacheka cheko la watu walioshtuka. Mwaka 2020 Biden akaichukua kwa kura kama 154,000, na 2024 Trump akairudisha kwa kama 80,000. Lakini katikati ya hayo yote, jimbo hili hili, watu hawa hawa, walimpa Whitmer ushindi wa kura zaidi ya 400,000 mwaka 2018, na 2022 wakampa tena zaidi ya hizo. Anayedhani kura ya gavana hapa ni kivuli cha kura ya rais, hesabu hii ataiweka wapi?

Kuna jambo jingine nililolichimba mwenyewe, na ndilo hasa nililotaka mlichapishe. Tangu sheria ya vipindi ianze kufanya kazi, kiti hiki kimekuwa wazi mara tatu: 2002, 2010 na 2018. Mara zote tatu chama kilichokuwa madarakani kilinyang'anywa. Jennifer Granholm wa Democratic aliingia baada ya John Engler wa Republican, Rick Snyder wa Republican akaingia baada ya Granholm, na Whitmer akaingia baada ya Snyder. Watu hapa wanasema Michigan inabadilisha chama kama mtu anayegeuza godoro kila miaka minane. Kwa desturi hiyo, mwaka huu ni zamu ya Republican.

Ila kuna desturi ya pili. Uchaguzi huu unafanyika katikati ya kipindi cha rais, na chama cha rais mara nyingi huadhibiwa. Mwaka 2002 rais alikuwa Bush wa Republican, wakashinda Democratic. Mwaka 2010 alikuwa Obama, wakashinda Republican. Mwaka 2018 alikuwa Trump, wakashinda Democratic. Kwa desturi hii, mwaka huu Republican ndio wanaopaswa kuchapwa.

Umeona, Mhariri? Mara tatu zote hizo desturi mbili zilikuwa zikivuta upande mmoja, kwa hiyo hakuna aliyejua ipi yenye nguvu. Safari hii zinavutana, moja huku, nyingine kule. Mimi nimeliwaza hili nikiwa nimesimama kwenye taa nyekundu, na sijapata mtu wa kunipa jibu lililoniridhisha.

Juu ya hapo ameongezeka mtu wa tatu. Mike Duggan alikuwa meya wa Detroit kwa miaka 12, mpaka Januari 2026. Alikuwa Democratic wa siku nyingi, lakini Desemba 2024 alitangaza kwamba anagombea ugavana bila chama. Si mtu wa kumdharau kwenye hesabu za kura. Mwaka 2013, alipotaka umeya mara ya kwanza, mahakama ilimwondoa kwenye karatasi kwa sababu alirudisha fomu kabla hajatimiza mwaka mmoja wa kuishi Detroit. Watu wakaliandika jina lake kwa mkono, akashinda raundi ya mchujo ya Agosti, na Novemba akashinda tena. Kwa upande wa Democratic anayetajwa zaidi ni Jocelyn Benson, katibu wa jimbo tangu 2019, na kwa Republican ni John James, aliyekuwa rubani wa helikopta jeshini, akashindwa useneta 2018 na 2020, sasa yuko bungeni Washington tangu 2023. Wengine wamo, na vyama vitachuja wagombea wao Agosti 4.

Benson ana jambo ambalo lazima niliseme hata kama watu wa chama chake watanuna. Ofisi yake ndiyo inayosimamia uchaguzi wa jimbo. Kwetu tungesema refa amevaa jezi. Sheria inaruhusu, na kura zenyewe zinahesabiwa na makarani wa miji na vitongoji zaidi ya 1,500, halafu matokeo yanathibitishwa na bodi ya watu wanne, wawili wa chama hiki na wawili wa kile. Nimefanya kazi ya kibarua kituoni mara mbili, nimeona jinsi wa chama hiki na wa kile wanavyokaa meza moja wakihesabu bahasha kwa sauti, kwa hiyo sina hofu ya wizi. Lakini jezi ni jezi, na mtu anayeniuliza kuhusu hilo simwiti mjinga.

Kuwa watatu kunabadilisha kila kitu, kwa sababu hapa hakuna duru ya pili. Anayepata kura nyingi kuliko mwenzake ndiye gavana, hata akiwa na theluthi moja na kidogo. Na kuna kisanduku kidogo ambacho nyinyi hamkukitaja. Juu kabisa ya karatasi ya kura ya Michigan unaweza kutia alama moja kwa chama kizima, na alama hiyo ikahesabiwa kwa wagombea wote wa chama hicho, kuanzia gavana mpaka wajumbe wa bodi za vyuo vikuu (ndiyo, hao nao tunawapigia kura). Duggan hana chama, kwa hiyo hana kisanduku kule juu. Anayemtaka lazima ashuke amtafute, atie wino kwenye jina lake. Kwa mtu aliyetoka kazini amechoka, na karatasi ina pande mbili zilizojaa maandishi, hiyo si safari ndogo. Mwaka huu karatasi itakuwa ndefu zaidi, kwani kila miaka 16 tunaulizwa pia kama tunataka kuitisha mkutano wa kuandika katiba upya, na zamu imeangukia 2026.

Hata kufika kwenye karatasi ni kazi. Mgombea ugavana wa chama anatakiwa apeleke sahihi zisizopungua 15,000 kabla ya saa kumi jioni, Aprili 21. Msicheke, sahihi zimeshaua watu kisiasa hapa. Mwaka 2022 wagombea watano wa Republican kati ya kumi walikosa nafasi kwenye karatasi, baada ya kubainika kwamba watu waliolipwa kukusanya sahihi waliketi wakazighushi. Nusu ya timu ikatolewa kabla mpira haujaanza.

Sasa nirudi kwenye mashimo, maana ndiyo fani yangu.

Alhamisi iliyopita, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, giza bado nene. Kati ya kituo changu cha nne na cha tano kuna shimo. Jumatatu lilikuwa sahani. Jumatano lilikuwa sinia. Alhamisi lilikuwa karai, limejaa maji, na juu ya maji kumeganda utando mwembamba wa barafu, kwa hiyo ukilimulika kwa taa linang'aa sawasawa na lami. Nikaliingia na tairi la nyuma la kulia. Basi zima liliguna. Mtoto wa darasa la pili, anayependa kukaa kiti cha nyuma juu ya tairi kwa sababu kinarusha, aliuma ulimi. Damu kidogo, kilio kikubwa. Nikasimama, nikawasha taa za tahadhari, nikampa kitambaa na kipande cha barafu nilichokivunja pembeni ya barabara, barafu ya bure. Aliponyamaza akaniambia, kwa ulimi uliovimba, "Umelipiga lile lile la jana." Kweli kabisa.

Shimo la huku linazaliwa hivi: mchana theluji inayeyuka, maji yanazama kwenye nyufa, usiku yanaganda na kutanuka, lami inanyanyuka, asubuhi yanayeyuka tena na chini kunabaki uwazi. Halafu linapita lori. Na malori ya Michigan si ya mchezo, sheria yetu inaruhusu lori la ekseli 11 lenye uzito wa kama tani 74, mara mbili ya kiwango cha kawaida cha barabara kuu za Marekani.

Whitmer alishinda 2018 akiahidi, kwa neno kali kidogo, kurekebisha barabara hizi zilizolaaniwa. Mwaka 2019 akapendekeza kodi ya mafuta iongezwe senti 45 kwa galoni. Bunge la jimbo likakataa. Mwaka 2020 akakopa dola bilioni 3.5 kwa njia ya hati fungani, na fedha hizo zikaenda kwenye barabara kuu za jimbo peke yake. Zile kuu zimekuwa nzuri, sina ubishi, nazipita Jumapili nikienda Detroit. Lakini shimo langu liko kwenye barabara ya kaunti, nayo haikuonja hata senti. Mwaka jana, bajeti ikiwa imeshapitiliza tarehe yake ya Oktoba 1, wakapatana mpango mpya. Tangu Januari 1 mwaka huu kodi ya mauzo ya asilimia 6 kwenye mafuta imeondolewa, kodi ya barabara imepanda kutoka senti 31 kwenda kama 52 kwa galoni, na bangi imewekewa kodi ya asilimia 24 kwenye bei ya jumla. Ndiyo, bangi. Ni halali kwa watu wazima hapa tangu kura ya 2018, na sasa inatakiwa itutengenezee lami. Wenye biashara hiyo wamekimbilia mahakamani.

Gavana ajaye ndiye atakayeurithi mpango huo, autunze au auvunje. Ndiye pia atakayeamua, kila bajeti inapofika mezani kwake, kama watoto wote wa shule za umma wataendelea kupata kifungua kinywa na chakula cha mchana bure kama ilivyo tangu 2023. Jambo hili mimi siliangalii kutoka kwenye takwimu. Zamani nilikuwa najua nani hajala kwa namna anavyopanda ngazi za basi. Kuna mmoja alikuwa anashika nguzo kwa mikono miwili, kama mzee. Siku hizi wanapanda wakibishana leo kuna nini, na kelele zao zinanichosha, na sitaki zipungue.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mkituandika tena, mniulizie wagombea hawa maswali ya huku huku: shimo la kaunti litazibwa na fedha ipi, sahani ya mtoto itabaki, na mji ukielemewa na madeni tena nani atatumwa kuusimamia, na atawajibika kwa nani. Habari za 2028 zina wenyewe, na muda wao haujafika.

Kura yangu siisemi, ni siri yangu na mke wangu, na hata yeye simwambii yote. Vituo vitafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, nami nitapiga mapema zaidi, kwani tunazo siku tisa za kupiga kura kabla ya siku yenyewe na basi halinisubiri. Ila kuna mmoja wa wagombea hawa ambaye watu wake wameleta maombi ya kutembelea karakana yetu ya mabasi mwezi ujao, kupiga picha na madereva. Msimamizi ameuliza nani yuko tayari kumtembeza. Nimeinua mkono. Nitamwomba aje saa kumi na moja na nusu alfajiri, apande, na nitamwekea kiti cha nyuma, kile cha juu ya tairi.

Wako,
Dereva wa basi la shule,
Lansing, Michigan